Ugali kwa Kijiko

Mume wangu aliporudi kutoka vitani Somalia, kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba alikula ugali kwa kijiko. Jeraha hakuwa nalo, hata mkwaruzo. Kukonda alikuwa amekonda, lakini hilo nilikuwa nimejitayarisha kulipokea. Kijiko ndicho ambacho sikuwa nimekitarajia. Nilikuwa nimesonga ugali mgumu anaoupenda, nikakaanga mbuzi, na binti yetu akapita na jagi na beseni kunawisha watu mikono, maana kwetu hiyo ni kazi ya mdogo wa nyumba. Alipofika kwa baba yake, baba mtu akatikisa kichwa akaomba kijiko. Akakishika kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia akaulaza juu ya paja, chini ya meza, na hapo ukabaki hadi mwisho wa chakula.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Machakos asubuhi hiyo na kuku kwenye kikapu. Akaweka tonge lake chini.

"Wewe! Ugali na kijiko? Kwani huko mlikuwa mnakula na wazungu?"

Tulicheka sote. Hata yeye alijaribu kucheka. Baadaye jikoni mama mkwe akaninong'oneza kwamba mtoto wake amepata cheo na anaona aibu kutuambia. Nami nikaamini, kwa sababu lilikuwa jambo zuri la kuamini.

Tulikuwa tunakaa Kitengela, kwenye ploti ya vyumba vinavyotazamana, tangi la maji katikati na kamba za nguo kila upande. Mimi nashona sare za shule kwenye kibanda kando ya barabara. Kabla hajapelekwa Somalia, mume wangu ndiye aliyekuwa kelele ya ploti nzima. Alikuwa akiingia getini mtoto anajua, majirani wanajua, hata paka anajua. Alimrusha binti yetu juu hadi mimi nikafumba macho. Sasa alikuwa anaingia kimya, na mtoto akimkimbilia, anampa ngumi ya kugonganisha, tena ya kushoto. Majirani pia aliwasalimia hivyo hivyo. Watu wakasema ni mazoea ya wakati wa korona.

Siku moja tulikuwa tunaenda kanisani, tukakuta wamechimba barabara kupitisha paipu za maji, kisha wakafukia. Udongo ulikuwa bado mbichi. Mume wangu alisimama. Akamshika mtoto begani, akautazama ule udongo kwa muda mrefu, kisha akasema tuzunguke. Tuzunguke! Na mimi nimevaa viatu vya kisigino.

"Hii ni Kitengela," nikamwambia. "Hapa wanazika paipu tu, na hata maji haina."

Hakucheka. "Tembea nyuma yangu," akasema. "Kanyaga mahali nimekanyaga." Mtoto aliona ni mchezo, akawa anarefusha hatua zake afikie nyayo za baba yake, akicheka. Tulifika kanisani tumechelewa, mimi nimenuna, nikijiambia kwamba uchovu wa kazi ile hautoki kwa wiki moja.

Ikaja siku yake ya kuzaliwa. Kwenye ploti yetu hakuna mtu anayepita siku hiyo akiwa mkavu. Hawakwambii kitu. Wanakuacha upige pasi nguo, ujipake mafuta, utoke nje ukidhani dunia imekusahau, halafu ndoo zinakumiminikia kutoka kila pembe, na baada ya maji unaletewa keki. Mimi mwenyewe niliwahi kumwagiwa nikiwa na suti ya harusi ya watu. Huwezi kukasirika. Ukikasirika, wanarudi na unga.

Mwenyekiti wa mambo hayo ni jirani yangu wa mlango wa mbele, muuza chapati. Alinijia akanong'ona, "Mama, huyu mtu wako amekauka sana. Wacha tumloweshe kidogo, atarudi." Nilikubali kabla hajamaliza. Nilikuwa nimemkosa sana yule mtu wa zamani. Nilitaka amwagiwe, apige kelele, anyakue ndoo atufukuze sote hadi nje ya geti. Hilo tu ndilo nililotaka.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali. Alikuwa ameenda kunyoa. Binti yetu aliomba awe wa kwanza, tukampa jagi, akajibanza nyuma ya geti huku akizuia kicheko. Mama mkwe alisimama mlangoni na kisu cha keki. Muuza chapati aliwasha kamera ya simu. Geti likalia.

Mtoto alimrushia maji ya uso. Hapo hapo watu wakatoka na ndoo wakipiga mayowe, mmoja akigonga sufuria kwa mwiko. Mume wangu hakutoa sauti yoyote. Alimnyakua mtoto kiunoni, akaruka naye nyuma ya tangi, akamlaza chini na kumlalia. Maji yakamwagika mgongoni kwake, ndoo juu ya ndoo, na watu wakacheka hadi wengine wakashikilia mbavu, maana tulidhani amerudi. Huyo ndiye tuliyemjua, mtu wa michezo. Mimi nilicheka pamoja nao. Nilicheka hadi nilipouona mguu wa mtoto.

Ndara moja ilikuwa imetoka. Mguu ule ulikuwa unapiga chini haraka haraka, kisha ukaanza kupiga polepole.

Sikumbuki nilifikaje pale. Nakumbuka mkono wake wa kulia, ule wa chini ya meza, umefunika mdomo na pua ya mtoto wangu. Macho yake hayakuwa kwa mtoto, yalikuwa getini, na midomo yake ilikuwa inanong'ona. Nilimvuta kidole, hakikuvutika. Nilimpiga kichwani, hakusikia. Nikauma. Niliuma mkono wa mume wangu hadi nikaonja damu, ndipo akanitazama. Akautazama mkono, kisha akamtazama mtoto, ambaye midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Mtoto akakohoa, akatapika, akalia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile. Mlangoni, mama mkwe alikuwa bado anapiga vigelegele, kwa sababu kutoka pale alipokuwa hakuona kitu.

Mume wangu alisimama, maji yakimchuruzika, akatoka getini. Hakuchukua hata koti.

Yule muuza chapati alikuja kwangu akilia, simu mkononi, akitaka nimwone akiifuta ile video. Nikamwambia anitumie kwanza. Sijui kwa nini. Niliitazama nimeketi kitandani, mtoto amelala mapajani mwangu, na mwanzoni nilisikia kicheko tu, kicheko changu kikiwa juu kuliko cha wote. Lakini yule muuza chapati alikuwa ameisogeza simu karibu na tangi, na chini ya ile kelele ilisikika sauti ya mume wangu, taratibu kabisa: "Nyamaza, kijana. Nyamaza. Wako karibu."

Kijana? Mtoto wetu ni msichana. Niliirudisha video nyuma, nikalisikiliza neno hilo tena.

Baada ya siku chache nilimkuta mume wangu kwenye shamba letu dogo nje ya Kajiado, mahali tulipokuwa tumesimamisha chumba kimoja cha mabati tukingojea siku ya kujenga. Mama mmoja Mmaasai, jirani wa huko, alinipokea njiani. Tulisalimiana, "Sopa," "Epa," kisha akaniambia bila kuzunguka, "Mzee yako halali ndani. Analala huko nje kwa mawe." Nilimkuta akitengeneza ua. Mkono wa kulia alikuwa ameufunga kitambaa pale nilipouma. Hakugeuka kunitazama, nami sikumlazimisha. Nilimwuliza tu kijana ni nani.

Aliendelea kukaza waya.

"Alikuwa mdogo wetu kikosini," akasema. "Gari yetu ilipigwa, tukaruka kwa mtaro. Yeye alikuwa na risasi ya tumbo. Alikuwa analia, analia sana, na wale watu walikuwa wanatembea hapo juu wanatutafuta. Nikamfunika mdomo."

Alikaza waya mwingine.

"Walipopita, nikatoa mkono. Alikuwa amenyamaza."

"Alikufa na risasi," nikasema.

"Daktari alisema hivyo. Daktari hakuwa kwa mtaro." Akakifungua kile kitambaa, akakitazama kiganja chake. "Mimi nilisikia akipumua hapa. Halafu sikusikia. Na unajua wale wengine walifanya nini? Walinishukuru. Tulipofika kambini kila mmoja alikuja kunishika hii mkono. Asante, umetuokoa. Asante. Hii mkono."

Mimi ni mtu wa maneno. Kwetu wanasema nilizaliwa nikiongea. Siku ile niliketi tu kwenye majani makavu. Nilifikiria kijiko. Nilifikiria tulivyocheka mezani. Baadaye ndipo hasira ikaja, nikawakasirikia wote waliomwona akishuka na begi lake wakamwambia nenda upumzike, kana kwamba alikuwa ametoka kulima.

"Sirudi Kitengela," akasema. "Nitamuua huyo mtoto."

"Huwezi kumuua."

"Wewe ulikuwa hapo."

Nilirudi Kitengela peke yangu, na kila nilipofungua mlango binti yetu alitazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu mwingine. Sikutaka kitu kingine duniani ila mtoto amrudie baba yake, na baba amrudie mtoto wake. Kwa bahati mume wangu alikubali kwenda hospitali kuongea na mshauri. Alikwenda, akarudi, akaenda tena. Baadaye akaniambia kwamba yule mshauri amemwambia aanze na vitu vidogo.

Kwa hiyo Jumapili moja, baada ya kanisa, nilimchukua mtoto na unga na sukuma wiki tukaenda Kajiado. Alitusalimia kutoka mbali. Mtoto alisimama nyuma ya sketi yangu, lakini alimpungia mkono. Nilisonga ugali hapo nje, na nilipoupakua, kabla sijasema lolote, binti yetu alichukua jagi na beseni mwenyewe akaanza kunawisha. Alininawisha mimi. Kisha akamwendea baba yake.

Baba akatoa mkono wa kushoto.

Mtoto hakumimina. Alisimama na jagi hewani. "Baba, na ile ingine."

Nilitazama chini. Nilipoinua macho, mikono yote miwili ilikuwa juu ya beseni, alama ya meno yangu bado inaonekana, na maji yalikuwa yanapita juu yake polepole. Nilitaka kupiga vigelegele. Nilishaanza kupanga jinsi tutakavyorudi naye jioni ile ile, nani atabeba begi, nitapika nini kesho.

Kisha nikamtazama mtoto. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, macho yamemtoka, shingo imekaza. Alikuwa ameshikilia pumzi. Ameishikilia tangu mkono ule ulipomkaribia, na maji yakaisha kwenye jagi, na bado ameishikilia.

Mume wangu alikuwa ameona kabla yangu.

"Pumua, mami," akamwambia. "Pumua."

Akairudisha mikono yake. Akachukua sahani na kigoda chake, akaenda kuketi kule kwenye ua, mbali, na kutoka huko nilimwona akimega ugali kwa mkono wa kulia na kula. Ndipo mtoto akapumua.