Kisamvu Cheusi cha Krismasi

Siku ile ya Krismasi, kwetu Newala, tulikuwapo saba, na majina ya wote ninayo. Bibi Hilda, mama mzazi wa mama yangu, mwenye nyumba. Mjomba Barnaba, mwanawe wa kiume wa pekee. Edita, mke wa mjomba, aliyetoka Chiwata na hakuwa amemaliza hata wiki mbili kwetu. Mama yangu. Dada yangu Agnesi. Jirani yetu Mama Petro, ambaye hakualikwa, lakini ni lini alisubiri kualikwa? Na mimi, kibogoyo wa meno ya mbele.

Juzi nilikuta sokoni kisamvu kimeshasagwa kwa mashine, kimefungwa kwenye vifuko, mtu anapita na kuchukua. Nikanunua. Tangu hapo situlii. Nakaa, nainuka, naenda mlangoni, narudi.

Maana kisamvu cha Krismasi, ndugu yangu, kilikuwa shughuli. Majani machanga yanachumwa alfajiri, yanatwangwa mpaka kinu kinatoa harufu ya kijani inayokaa mikononi siku nzima, kisha yanachemshwa sana ndipo yatiwe korosho zilizopondwa. Na mwaka ule mvua ilichelewa. Maji tuliyafuata chini ya mteremko, bondeni, na kupanda nayo ni kazi ya kukata pumzi. Kwa jirani uliomba moto, uliomba chumvi. Maji huombi. Majani tuliyakung'uta umande, tukayasuuza kwa bakuli moja tu, na bakuli hilo akanywa mbuzi.

Edita hakuyajua hayo. Kwao Chiwata, huko bondeni, kisima kilikuwa nyuma ya nyumba. Alfajiri ile, sisi tunavaa nguo za kanisani, yeye akachuma kisamvu kizuri, akakiosha, akamwaga. Akakiosha tena, akamwaga. Nilimwona akimwaga mara ya tatu chini ya mpapai, mdomo wangu ukabaki wazi. Akaenda kwenye kinu akatwanga kwa raha, anaimba.

Bibi aliporudi kanisani akagonga mtungi kwa kidole. Ukalia kama ngoma. Akauinamisha, halikudondoka hata tone.

Aliyesema ni Mama Petro. "Haya! Bibi harusi wa bondeni! Kwenu maji yanatembea yenyewe, siyo?"

"Nisamehe, mama," Edita akamwambia bibi. Akazungusha kata ya kanga kichwani, akachukua ndoo, akatoka bila hata kunywa uji.

Hapo ndipo roho zetu zilipoanza kupanda na kushuka. Kwa desturi yetu mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Mjomba alikuwa na kazi ya kanisa Newala, ndiyo maana wakwe walimwachia binti, tena kwa shingo upande. Walisema wazi: akionewa, arudi, na mume amfuate. Bibi alijua kwamba Edita akienda Chiwata, Barnaba naye kaenda.

"Kachukua ndoo," bibi akasema. "Mtu anayekimbia hachukui ndoo."

"Ndoo hutupwa njiani, dada," akajibu Mama Petro.

Mjomba akasimama amfuate. Bibi akamvuta shati. "Kaa. Ukimfuata utamwambia tulidhani ametoroka. Hilo hatalisahau."

Akakaa. Akainuka. Mama akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Agnesi na mimi tulikimbia mpaka ukingoni kuchungulia bondeni, tukarudi, tukakimbia tena, mpaka gauni langu la sikukuu likachanika kwenye miiba. Wali ulipikwa kwa maji aliyorudi nayo mama kutoka kwa shemeji yake mwenye paa kubwa la bati na pipa la kukingia mvua, ukapoa. Kuku akapoa. Bibi hakuruhusu mtu kugusa. Kisamvu kilikuwa kinuni, kimefunikwa kwa jani la mgomba, na kila nilipofunua kilikuwa kimezidi kuwa cheusi.

"Kitupe hicho," Mama Petro akasema. "Hata mbuzi hali."

"Hakitupwi," bibi akasema. "Mwenyewe hajarudi."

Jua lilikuwa limeshainama Edita alipotokea, ndoo kichwani, nguo imelowa mabegani, kidole cha mguu kinavuja damu. Alikuwa amepotelea njia ya mbuzi, asiijue ya watu. Bibi alimpokea ndoo kwa mikono yake mwenyewe, akaweka chungu motoni, akatia kisamvu kile kile. Kilipoiva kilikuwa cheusi kama masizi. Akajipakulia wa kwanza, tonge la kwanza, mbele yetu sote, tumemkodolea macho. Akatafuna. Akameza.

"Hivi ndivyo wanavyopika Chiwata," akasema. "Mama Petro, lete sahani."

Na Mama Petro akala, tena akaongeza.

Edita aliishi kwetu mpaka akazikwa kwetu, na hakuna aliyenifundisha kisamvu ila yeye. Siku hizi bomba lipo, hata kama siku nyingine linakohoa tu, na hakuna nyumba inayomsubiri mtu mmoja mpaka chakula kipoe. Kila mtu anapakua akifika. Kile nilichonunua sokoni kilikuwa kijani safi, na hakuna aliyesema lolote juu yake.

Kinachoninyima utulivu ni hiki. Bibi alipomeza tonge lile, mimi namkumbuka Edita akicheka, amejifunika uso kwa kanga. Agnesi, kabla hajatutoka, alishikilia kwamba alikuwa analia. Tulibishana miaka yote, na mwenyewe hatukuthubutu kumwuliza. Sasa katika wale saba nimebaki mimi. Kama uko huko Newala au Chiwata, na Edita aliwahi kukusimulia siku ile, nisahihishe. Nitakuamini wewe.