Mkono Mmoja wa Joho

Mume wangu ni mkaguzi wa mizani. Anazunguka madukani na mawe yake ya kupimia, akikuta mizani ya muuza sukari inadanganya anaifungia, kisha jioni anarudi nyumbani kavimba utadhani kaifungia serikali nzima. Watu wanamwita Bwana Mizani, naye anafurahi.

Mimi ni fundi cherehani. Hilo kwake ni siri ya familia. Wakubwa wa ofisini wakimuuliza mkeo anafanya kazi gani, anajibu, "Yupo tu, anajishughulisha." Kujishughulisha huko ndiko kulikosomesha watoto wake, lakini tuyaache. Sikutaka makubwa. Nilitaka siku moja, mbele za watu, aseme mke wangu ni fundi. Basi.

Ikaja safari. Wakaguzi wa nchi mbalimbali waliitwa mkutanoni ng'ambo, na kwenye hafla ya kuagana kila mmoja avae vazi la asili la kwao. Mume wangu, ambaye mavazi hayo huyaita nguo za wapiga ngoma, alikumbuka asubuhi ya kuondoka. Mimi nilikuwa nimetoka kutafuta vifungo. Akaingia chumba changu cha kushonea, akachomoa msumarini joho la buluu la mteja, akalikunja begini. Angeniuliza ningemwambia halijaisha. Mikono nilikuwa nimeishikiza tu kwa uzi mweupe, ile mishono mirefu ya muda ambayo fundi huing'oa akishapiga cherehani. Lakini aniulize mimi nani?

Yaliyotokea huko ametusimulia mwenyewe, mara nyingi kuliko tulivyoomba. Alipoingia ukumbini na joho lake, wageni walimzunguka kutaka picha. Mtu ambaye hapa jirani akimpungia mkono yeye anatazama saa, huko alikumbatia kila aliyemkaribia. Wakamuuliza hii mistari myeupe mabegani ina maana gani. Mwingine angesema sijui. Yeye akasema kila mstari ni ukoo mmoja.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenyeji, mkaguzi mstaafu, aliyejifunza Kiswahili redioni. Huyo alimganda kabisa. Mume wangu akanyanyua mkono kumwonyesha ukoo wetu ni upi, uzi ukaachia, mkono mzima wa joho ukaporomoka hadi kwenye kiganja. Bwana Mizani hakupepesa jicho. Akauvua ule mkono, akaukunja vizuri, akamkabidhi mzee kwa mikono miwili. "Kwetu," akasema, "rafiki wa kweli hugawiwa vazi." Mzee wa watu akalia.

Basi akarudi na joho la mkono mmoja. Mteja nilimshonea jingine huku nimefura. Nilipomwambia mume wangu ile mistari ni bandi, uzi wa kushikizia, alinitazama kama mtoto aliyeingilia mazungumzo ya watu wazima.

Jumapili moja alimwalika bosi wake aje asikie habari za safari. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwepo pia. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai ya pili. Katikati ya hadithi simu ikalia, na kwenye kioo alikuwa yule mzee wa ng'ambo. Mume wangu akaisimamisha simu mezani wote waone, kifua mbele. Nyuma ya mzee, ukutani, mkono wangu wa joho ulikuwa umetiwa fremu na kioo.

"Rafiki yangu," mzee akasema kwa Kiswahili chake cha taarifa ya habari, "mimi na mke wangu bado tunaomboleza bibi yako. Ulituambia alishona vazi hili kwa mkono wake, kisha akafariki dunia."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Bibi yupi? Mama yangu? Yule hata kutunga uzi kwenye sindano alikuwa haoni."

Bosi akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama zulia.

Nami jikoni nikayasikia yote. Kunificha nimezoea. Lakini kunigeuza bibi aliyekufa, kunizika nchi ya watu, nikiwa hai na tepu ya kupimia shingoni? Nilitoka jikoni na birika mkononi, nikainama mbele ya simu mpaka uso wangu ukajaa kioo.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Mimi ndiye marehemu."

Mzee alikodoa macho. "Marahaba, mama. Sijaelewa."

"Muulize rafiki yako," nikamwambia, nikaanza kumiminia watu chai.

Mume wangu alikohoa. Alitafuta msaada kwa mama yake, akakuta mama yake naye anasubiri jibu. Akageukia bosi, bosi akapuliza chai yake. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na vifungo vya shati lake, "Huyu ni mke wangu. Yeye ni fundi cherehani. Joho alilishona yeye."

Miaka yote nimeyangoja maneno hayo, na yalipokuja nikamwaga chai kwenye sahani. Lakini sikumwacha aende bure.

"Rudia, baba watoto," nikasema. "Mtandao wao unakatakata."