Mifenesi ya Wakfu

Mwanangu, kosa langu la kwanza nikiwa mwalimu wa madrasa lilikuwa kukata mifenesi saba ili nichome matofali. Asubuhi ile naikumbuka mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, saruji na mabati yameanza kujaa madukani Morogoro. Madrasa yetu ya Bigwa ilikuwa ya udongo, ukuta mmoja umepinda. Nami nilikuwa kijana nisiyevumilia kilichopinda. Herufi ya mwanafunzi ikipinda, nafuta. Mkeka ukipinda, nanyoosha. Ujenzi nilijifunza mwenyewe kwa kuwachungulia mafundi, na sikumuuliza mtu, nisionekane sijui.

Mifenesi ile aliipanda Bibi Mwanaidi kwenye shamba la ukoo wa mama yake, akaiweka wakfu: mafenesi yauzwe, madrasa ipate chaki na posho ya mwalimu. Mimi niliona kuni tu.

Bibi alifika tanuri likifuka moshi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mkandarasi.” Akalizunguka tanuri polepole. “Matofali mazuri. Yatazaa lini?”

Nikacheka kwa woga. Yeye hakucheka.

“Uliniuliza?”

“Hapana, bibi. Niliona haya.”

“Haya ya kuuliza unayo. Ya kukata huna.”

Masika ilipofika, udongo wa mteremko uliokuwa umeshikwa na mizizi ya mifenesi uliporomoka ukafukia kijito tulichotawadhia. Maji hakuna, chaki hakuna, posho hakuna, mimi mwenyewe nashinda kwenye vibarua. Kuta mpya zilisimama wima kabisa, na ndani wakabaki watoto wanne. Nilijua wakiondoka na hao, madrasa imekwisha, na aliyeiua ni mimi.

Nikaenda kwa Bibi, nikakiri yote. Akanipa kikapu cha kokwa za fenesi. Nilipoanza kupima mstari kwa kamba, akaninyang'anya kamba.

“Chimba, baba. Mashimo yakipinda, mti hauna habari.”

Nilichimba, na kila masika nikapanda upya palipokufa miche. Miaka mingi ilipita kabla ya fenesi la kwanza. Bibi aliwahi kulionja.

Basi mwanangu, ukikabidhiwa madrasa, usianze na kuta. Tazama kwanza kinachoilisha na kinachoilindia maji, na umuulize aliyekipanda, hata kama kuuliza kunakutoa jasho. Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye manufaa, na akujaalie mikono inayopanda.

Siku hizi mafenesi yanamlipa mwalimu, kijito kimerudi, na mimi sigusi panga kabla sijauliza.