Ombi la Sudan nililolifuta

Jamani, leo kanisani nimedanganya mbele ya madhabahu.

Zamu ya kusoma maombi ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeandika tuwaombee watu wa Sudan, vita vimewamaliza.

Kabla sijasimama, mzee wa kanisa akanishika mkono. "Hao si wa kwetu. Ombea Wakristo tu."

Nikafuta! Kwa kalamu yangu mwenyewe.

Nasoma, nainua macho, namwona nani benchi la nyuma? Bi Mwanaidi, anayeuza vitumbua pale getini. Mwislamu wa swala tano, hajawahi kuingia humu. Juzi nilimwambia mimi, "Mama, Jumapili tunaombea Sudan." Mwanawe Idrisa anasoma huko, wiki ya tatu hii simu yake haipatikani.

Nilipomaliza, akajitanda mtandio vizuri, akaanza kutoka.

Kwaya ilishasimama. Nikairudia maiki. "Samahani, nimeruka ombi moja. Tumwombee Idrisa na watu wote wa Sudan."

Mzee kanikazia macho. Hakuna aliyeitika.

Isipokuwa yeye, pale mlangoni, viganja wazi. "Amina."

Kanisa zima, sauti moja tu.

Saa kumi naitwa kikao cha wazee. Hicho nitakimudu.

Kinachoniuma ni pale getini. Kanifungia vitumbua, kagoma kupokea hela. "Kusahau kupo, mwanangu."

Nami nikajibu, "Ndiyo, mama."

Viko hapa mezani vimepoa. Ninyi mngeweza kuvila?