Fundi Aliyeolewa

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa mwanaume, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi muda wa kuwasha jiko. Nilikuwa fundi wa pampu za maji, mtu wa makamo, mgane, mwenye karakana kwenye mtaa ambao haupo.

Mtaa huo ulikuwa kundi la simu. Tulikuwa watu kama thelathini, hatujuani, kila mmoja akiandika maisha ya mhusika wake: mama ntilie, bodaboda, mwenyekiti wa mtaa. Picha na sauti zilikatazwa. Kanuni nyingine ilisema kila mtu acheze jinsia yake, kwa kuwa zamani mwanaume mmoja aliingia kama binti, akawaaibisha watu. Niliisoma, nikajiunga hivyo hivyo.

Mchana nilikuwa karani wa ofisi ya kata, naandika mihtasari ya vikao ambamo sikuwa na nafasi ya kusema neno. Mazoea hayo yalinifaa. Fundi nilimfungulia daftari lake: mguu wa kushoto unamuuma, chai ya tangawizi hanywi. Kiswahili nacho kilinibeba. "Anakuja" ni anakuja, awe mama au baba. Uanaume wangu ulishikiliwa na maneno machache tu, na nilidhani nayajua yote.

Nilichokipenda kilikuwa kidogo. Nikiandika, "Fundi ananyamaza, anafuta grisi mikononi," watu walisubiri. Nyumbani kwangu Mtoni nikinyamaza naulizwa nani kaniudhi.

Siku niliyokosea, foleni ya barua za utambulisho ilianza asubuhi na haikuisha. Jioni nikakaa kwenye ngazi za nyuma ya ofisi, nikafungua simu. Mama ntilie alikuwa ameniandikia: "Fundi, kila siku unakula kwangu. Kwako hakujawahi kupikwa?"

Nikajibu bila kufikiri: "Tangu niolewe sijala chakula cha moto."

Mwanaume anaoa. Anayeolewa ni mwanamke. Hata mtoto wa darasa la pili asingekosea hapo.

"Umeolewa na nani, fundi?" akauliza bodaboda.

"Mahari walitoa ng'ombe au pampu?"

"Kumbe mgane wetu ni mjane."

Walicheka hadi nikaona aibu peke yangu pale ngazini. Hakuna aliyegundua kwamba sentensi yenyewe ilikuwa ya kweli. Nampakulia baba watoto, mama mkwe, watoto, halafu mie nakula kilichopoa.

Mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye msimamizi wa kundi, akanipa hadi kesho yake jioni nijieleze, la sivyo nitolewe. Mama ntilie akanifuata pembeni, kwa ujumbe wa sisi wawili tu: "Sista, sema simu imejiandikia yenyewe. Mie nitakutetea."

Kesho yake niliuandika uongo huo, nikaufuta. Haukunishinda kuusema. Ungenishinda kuulinda, kila jioni kuisoma kila sentensi mara mbili kama muhtasari wa kikao. Nilishachoka na kazi ya namna hiyo. Nikaandika: "Ni kweli, mimi ni mwanamke. Naomba mniachie fundi wangu."

Walijadiliana mbele yangu kama vile sipo. Mwisho mwenyekiti akaandika: "Kanuni ni kanuni, ila hatukufukuzi. Fundi amesafiri. Wewe ni dada yake, umekuja kumwangalizia karakana."

Nikakubali. Karakana ilikuwa ile ile, spana zake nazijua moja moja.

"Dada wa fundi anaingia," nikaandika. "Anakaa kwenye kiti cha kaka yake."

Bodaboda ndiye aliyetangulia kujibu. "Karibu dada. Kuna chochote jikoni?"

"Dada ananyamaza," nikaandika, "anafuta grisi kwenye kiti."

Hawakusubiri.

"Mbona kanuna?"

"Dada, nani kakuudhi?"

"Basi hata chai jamani, tumeshinda juani."

Mama ntilie aliandika, "Mwacheni kwanza." Ujumbe wake ukapandiwa na mwingine, na mwingine, ukapotea juu. Nikangoja kidogo nione kama kuna atakayeurudia. Hakuna aliyeurudia. Nikatoka kwenye kundi, nikafunga ofisi, nikapitia kununua mkaa. Siku hiyo niliwasha jiko mapema kuliko kawaida.