Nilisoma Salamu za Mwanafunzi Mbele ya Mtu Anayemwogopa

Admin, nifichie jina, na chuo usikitaje. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, nina mume na watoto watatu, naishi Tukuyu. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mtangazaji na mwandishi wa habari wa redio. Nimeripoti maporomoko, ajali na mauaji, na siku zote nilirudi nyumbani nikala, nikalala. Sasa simu ikiita naogopa kuipokea.

Wiki iliyopita serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja wilayani kwetu iliniomba niwe mshereheshaji wa ball yao, ile sherehe ya dansi ya kufunga mwaka. Nilikubali kwa sharti moja: nikae nao siku mbili kabla, nijue wanaishije, maana nilimaliza chuo zamani. Nilikaa nao kantini. Walinionyesha jinsi wanavyoficha majiko ya gesi hosteli, wakanisimulia foleni ya mashine moja ya kuchapia kazi. Kijana mmoja akaniambia, "Mama, ukitaka ukumbi uchangamke, watanie wenye sapu, hii mitihani ya marudio." Mwenzake akadakia, "Ataanza na wewe, una tatu!" Tukacheka sana.

Ndipo nikapata wazo la kuleta kipindi changu cha salamu ukumbini. Nikachapa vikaratasi vyenye mistari mitatu: jina lako, unapokaa, salamu kwa nani. Nikaweka katoni tupu ya biskuti mlangoni pa kantini, wavitumbukize humo.

Ball ilianza saa tisa alasiri. Mvua ilikuwa inapiga mabati, wasichana wamevaa magauni marefu na masweta juu yake. Wahadhiri walikaa meza ya mbele. Nikaanza kusoma salamu kama ninavyosoma redioni, kwa kasi, bila kupitia karatasi kwanza. Hiyo ni tabia ya kazi yangu. Hapo ndipo nilipokosea.

Nikachukua karatasi nyingine. "Hizi zinatoka kwa Tumpe, mwaka wa pili, amepanga Msasani yetu ya hapa Tukuyu! Zinamwendea mwalimu wetu..." nikataja jina la mhadhiri. (Tumpe si jina lake.) Ukumbi ukapiga vigelegele. Mhadhiri akasimama, akapunga mkono. Nikageuza karatasi nisome ujumbe. Nyuma ilianza hivi: "Mama, usisome hii. Sikupata njia nyingine ya kukufikia."

Nilisoma kimoyomoyo mpaka mwisho. Aliandika kwamba mhadhiri huyo anamtaka aende nyumbani kwake, asipokwenda atamfelisha. Aliandika pia majina ya wenzake wawili waliokwenda. Kisha nikasema, "Mwandiko huu umenishinda," nikaikunja. Watu wakacheka. Mhadhiri hakucheka. Alikaa taratibu akiniangalia.

Wakati wa chakula alinifuata. "Dada yangu, mbona umeninyima salamu zangu?"

"Imechanganyika na zingine, mwalimu."

"Itafute basi. Ina jina langu, ni yangu hiyo." Alikuwa anatabasamu. Karatasi nilikuwa nimeibana ndani ya mtandio, nikahisi kama anaiona.

Nilimtafuta Tumpe ukumbini kwa kuuliza wenzake. Walisema aliondoka mara tu jina lake liliposomwa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Msasani, nikaulizia hadi nikafika nyumba aliyopanga. Mwenye nyumba, bibi mtu mzima, alinikaribisha vizuri kwa salamu ya Kinyakyusa. "Ndaga, mwanangu. Tumpe kaondoka alfajiri na bodaboda, kaenda kwa nyanya yake Kisondela. Mnampenda huyo mtoto! Hata mwalimu wake katoka hapa sasa hivi, kaniletea na sukari."

"Ulimwambia Tumpe yuko wapi, bibi?"

"Nimemwambia. Mwalimu wake si mzazi?"

Nikamwomba bibi namba ya Tumpe. Nilimpigia, hakupokea, nikamwandikia kwamba ni mimi mtangazaji. Baadaye akanitumia ujumbe: "Amefika mpaka kwa nyanya. Kaongea kwa upole, kanywa chai, kaniambia nisikose mtihani. Mama, usije huku, watu watakuona. Karatasi usimpe mtu, ina majina ya wenzangu na hawajui kama nimewaandika."

Juzi mhadhiri alikwenda dukani kwa mume wangu, anakouza vitenge. Akachagua doti moja, akasema, "Mwambie mama watoto zile salamu zangu bado nazingojea." Mume wangu alinisimulia huku anacheka, akasema nina mashabiki wasomi. Sijamwambia ukweli. Namjua, atakwenda kumvaa mtu yule mbele ya watu, na habari itaenea mji mzima kabla ya jioni.

Nimefikiria dawati la jinsia polisi, lakini nikipeleka karatasi nawataja wasichana wawili ambao hawajaniruhusu, na kuropoka jina la mmoja kumeshaleta haya. Nimefikiria uongozi wa chuo, lakini wanaosikiliza malalamiko ndio waliokaa naye meza moja. Kuichoma siwezi. Ndiyo ushahidi pekee, na Tumpe aliniamini mimi.

Leo ni Alhamisi. Jumatatu Tumpe ana mtihani, msimamizi ni mhadhiri huyo na msahihishaji ni yeye. Asipoingia, amepoteza mwaka. Akiingia, atakaa saa tatu chumba kimoja naye, na akitoka sijui kitakachofuata. Asubuhi hii ameniandikia: "Mama, wewe ndiye uliyenitaja. Niambie niende au nisiende."

Ujumbe huo nimeusoma, na yeye anaona kwamba nimeusoma. Mlio wazazi, mliopita vyuoni, mnaojua sheria, nishaurini. Nimjibu nini mtoto huyu?