Vidole vya Mchuma Pamba

Mwezi wa tatu, ndege wanaohama wanapojikusanya kurudi kaskazini, sisi watafiti wa ndege tulitega nyavu kwenye matete ya lambo la Kimali. Tukimkamata ndege tunamvisha pete ndogo yenye namba, kisha tunamwachia. Asubuhi moja mbayuwayu alijiviringisha vibaya wavuni. Nilihangaika naye mpaka hasira zikanipanda, nikatoa mkasi nikate wavu.

"Acha, mwanangu," alisema mama mmoja, mkulima wa pamba aliyekuwa akitulindia nyavu dhidi ya mbuzi. "Unaharibu kitu kizima kwa kukosa subira?"

Alianza kumnasua miguu, akaja kwenye bawa, uzi mmoja mmoja, kwa vidole vile vile vinavyochomoa pamba kwenye ganda lake bila kuichanganya na majani makavu. Nimefundishwa kazi hii na watu wenye vyeti, lakini mikono kama ile sijaiona. Ndege hakupoteza hata unyoya.

Kumbe mguuni tayari alikuwa na pete ya nchi ya mbali. Mama akanikazia macho.

"Usimvishe yako. Ng'ombe mwenye alama ya mwenzako huongezi ya kwako."

Ndiyo sheria yetu. Mimi niliisoma darasani, yeye aliijua zizini. Nikanakili namba, nikampa ndege amwachie mwenyewe. Alifungua kiganja, ndege akapaa juu ya ng'ombe waliokuwa wakinywa maji.

"Wenye pete ile watajua alipita hapa?"

Nikakiri kwamba pete haisemi hayo.

"Basi waandikie," alisema. "Waambie amekunywa Kimali."